Mharage, Harage

Uyole, Juni, saa moja asubuhi.
Umande umeganda kwenye nyaya za uzio,
napuliza vidole kabla ya kugusa kibodi.
Mezani bahasha tatu za kaki,
na punje ndani yake ni zilezile:
zambarau iliyofifia, michirizi kama ya blanketi kuukuu.
Ya Tukuyu imeandikwa *kablanketi*.
Ya Makete, *ya bibi*.
Ya Kilolo, kwa mwandiko wa Kihwele,
ama ni *nyekundu ndogo* ama ni *nyekundu ndoto*.

Kompyuta haina macho.
Kwake hizo ni mbegu tatu zisizofahamiana,
na kila moja inaugua ugonjwa wake,
maana Tukuyu wameandika kutu,
Makete wameandika moto,
Kilolo wameandika baridi,
na jani lililokauka ni lilelile.

Ndiyo sababu tumefungiwa humu siku ya nne,
watu kumi na mmoja, chupa mbili za chai,
tunagombania maneno.
Tweve anapiga meza: doa ni sehemu ya jani!
Subilaga, bila kuinua kichwa:
tundu la panya nalo ni sehemu ya ukuta?
Mtu anacheka. Mtu anafuta ubao.
Tunaandika: jani ni sehemu ya mmea.
Doa liko juu ya jani.
Kutu ni aina ya ugonjwa.
Mistari mitatu, na jua limeshafika Loleza.

Usiku nikawa nageuka kitandani, nawaza
kwamba lugha ilishatutangulia.
Nani walikaa kikao
wakapitisha mparachichi uwe mti na parachichi liwe tunda,
mharage usimame shambani, harage lilale sufuriani?
Herufi moja tu mbele ya neno,
na mtoto wa Rungwe asiyejua kufunga kamba za viatu
hata siku moja hasemi amekula mparachichi.
Sisi wenye shahada tunalipwa posho
kutafuta alichopewa bure akiwa mgongoni.

Basi kila maana tukaipa namba.
Jina libaki lako, liite utakavyo,
ya bibi, ya babu, ya mjomba aliyehamia Mbarali;
namba ni ya wote, kama daraja,
halikuulizi unatoka ukoo gani.

Alhamisi tukaunganisha madaftari.
Kutu, moto na baridi vikaanguka safu moja,
na ramani ikawaka:
Tukuyu mwezi wa tatu,
Makete mwezi wa nne,
Kilolo wa tano.
Kila mwaka.
Ugonjwa ulikuwa unapanda milima kwa miguu,
miaka sita mbele ya macho yetu,
umevaa makoti matatu.
Hakuna aliyepiga makofi.
Kihwele alitoka nje kumpigia simu mkewe.
Tulimsikia kupitia dirishani: ng'oa, ng'oa yote.

Wiki iliyofuata nikapanda Tandala
kumwambia Vumilia Mahenge
kwamba mbegu yake sasa inajulikana.
Alikuwa anachochea moto, moshi umemjaa machoni.
Akauliza, na humo mmeandika inaiva kwa kuni ngapi?
Nikatazama orodha yangu.
Rangi. Uzito wa punje mia.
Urefu wa ganda. Siku za kuchanua.
Nikatazama tena, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

*Kuni tatu*, akasema.
*Ndiyo maana ni ya bibi.
Hana nguvu ya kupasua ya nne.*

Kumbe jina lilikuwa kipimo,
nasi tulilifuta tukidhani ni mapambo.

Leo nimefungua mstari mpya:
*muda wa kuiva*, ni aina ya sifa, ni sifa ya harage,
si ya mharage.
Hapo tumekubaliana wote, kwa mara ya kwanza.
Halafu Tweve akauliza:
tupime kwa dakika, au kwa kuni?
Na kuni za mti gani?

Chai imekwisha. Hakuna anayetoka.